Mchunga wa Udongo Mpya

Siku ya nne baada ya baba kuzikwa, wageni wa matanga wakiwa wamekwisha kutawanyika na masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, mama aliacha kula. Hakutangaza. Alikaa juu ya mkeka wake chumbani, nikamwekea wali na samaki wa kupaka, akanawa mikono, akapiga bismillahi, akamega tonge moja, kisha akaisogeza sahani upande wa mlango. Nilidhani ni siku hiyo tu. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa yake pia, mpaka mifupa ya mabega ikaanza kujichora chini ya kanzu.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile ya Magogoni. Kaka yangu anaishi Likoni na watoto wake, na akija huja Ijumaa. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu baada ya ndoa yangu kuvunjika, mwanamke wa miaka arubaini na saba, nikiuza vitambaa vya pazia katika duka moja huko Nyali. Kazi hiyo inataka tabasamu tangu asubuhi hadi alasiri, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo nikifika nyumbani tabasamu limekwisha. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania mwema. Nilimpenda mama yangu, lakini sahani ile ikirudi kama ilivyokwenda niliona nimedharauliwa.

"Mama, wataka kufa uniachie nani?" nilimuuliza siku moja, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

"Sina njaa, mwanangu," akanijibu. "Sikasirike."

Alikuwa ndani ya eda. Mjane kwetu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Mama aliishika eda yake barabara, kwa namna alivyoshika kila kitu. Hata dirisha la mbele alitaka lifungwe. Dunia yake ikawa chumba, ukumbi na uani, na katika dunia hiyo kitu pekee nilichoweza kumletea kutoka nje ni chakula, nacho alikuwa hakitaki.

Ilipoingia wiki ya tatu nikaketi mbele yake nikamwomba aniambie chakula kimoja tu, chochote, ambacho akiwekewa sasa hivi atakila. 

"Mkate wa mchunga," akasema. "Lakini atauchuma nani?"

Mkate huo sijauona ukiuzwa popote. Ni unga wa ngano uliokandwa kwa tui la nazi na samli kidogo, ukasukumwa duara mbili. Katikati huwekwa mboga za mwituni zilizochemshwa, zikaminywa maji, zikakatwakatwa na kukaangwa kwa kitunguu, bizari na pilipili. Duara ya juu hufunika, ukingo husokotwa kwa vidole kama wa sambusa, halafu mkate hutiwa katika sufuria, hufunikwa bati, na makaa hupaliwa juu na chini. Mboga kuu ni mchunga, jani chungu. Mnavu huongezwa ili kulainisha, na mwangani kidogo kwa harufu. Mama alifundishwa na mama yake, na baba aliupenda hata akisafiri alikuwa akifungiwa kipande kwenye karatasi.

Atakayechuma ni mimi, hapakuwa na mwingine, na mimi nilikuwa siujui mchunga. Hilo lina kisa chake. Nilipokuwa msichana, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shamba la mikorosho lisilo na ua. Mama alikuwa akijifunga leso kiunoni, akichukua kikapu, na kila mara alikuwa akiniita twende. Nilikataa. Wasichana niliosoma nao walikuwa wakisema majani yale ni ya mbuzi na ya watu wasiokuwa na kitu, na mimi niliogopa kuonwa nimeinama kwenye magugu. Nilikuwa nikimwambia nina kazi ya shule. Akirudi na mkate ukaiva, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mama hakuwahi kunisema. Nafikiri alingoja siku nitakayotaka mwenyewe, na siku hiyo ikaja naye hawezi kuvuka kizingiti.

Basi akanifundisha akiwa amekaa mkekani. Nilikuwa nikitoka kazini napita kwenye kiwanja kilichobaki karibu na barabara, kipande cha lile shamba la zamani, nachuma chochote nilichokiona kinafanana na maneno yake, namletea. Yeye alikuwa akimwaga yote kwenye ungo na kuchagua. Vidole vyake vilikwenda upesi, jani baada ya jani, mengi yakaangukia sakafuni na machache yakabaki.

"Hili silo. Hili silo. Hili ni sumu, wataka kuniua kabla ya wakati? Hili silo."

Siku ya kwanza, katika mfuko mzima wa plastiki, alibakisha majani matatu. Aliyapanga katikati ya ungo akayatazama, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Mimi, badala ya kufurahi, nilikasirika. Nilikuwa nimeumwa na sisimizi mpaka mapajani.

"Vunja kikonyo," akaniambia. "Kikitoka maziwa meupe, na jani lina meno ubavuni, lilambe. Uchungu ukikaa nyuma ya ulimi, ndio mchunga. Likikuunguza mbele ya ulimi, tema, usukutue. Usichume jani lililokwisha toa ua, lishakuwa gumu hilo. Na usichume penye njia, magari hupita na moshi wake."

Siku ya pili nikapata kama konzi moja. Siku ya tatu mbili. Siku ya nne sakafuni kulianguka machache, na mama akasema yanatosha. Nilikanda unga naye akiwa amekaa uani juu ya mbuzi, akikuna nazi kwa mikono iliyokonda, akinikemea kwamba nausukuma mkate kama nafua nguo. Ulipotoka sufuriani ulikuwa umeungua upande mmoja na mboga zimevuja ukingoni. Akala vipande viwili. Nilijifanya nina shughuli na makaa ili asinione nikilia.

Kwa wiki nne hivi tuliishi kwa mkate ule. Siku za kazi nilichuma, Jumamosi na Jumanne nilipika, na katikati ya siku hizo mama alikubali na vyakula vingine vidogo, uji, ndizi, supu ya kuku, kana kwamba mkate ulimfungulia njia ya tumbo. Uso wake ukarudi. Alianza kuniuliza habari za dukani. Nikajiambia tutaimaliza eda salama, inshallah.

Halafu Jumanne moja nikafika kiwanjani nikakuta lori linamwaga mawe. Mafundi walikuwa wamekwisha chimba msingi wa ukuta kuzunguka pande zote, na katikati magugu yamefyekwa yakachomwa moto. Fundi mmoja akaniambia, "Mama, pita huku, hapa pana mwenyewe sasa." Hakunifanyia ubaya wowote, lakini nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Nilizunguka mtaa mzima na mfuko mtupu. Magogoni ya utoto wangu ilikuwa na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Sasa ni ukuta kwa ukuta, na palipobaki wazi pamejaa maji ya mitaro na takataka. Nilipanda tuktuk nikaenda mbele zaidi, nikaona yale yale.

Nikanunua mchicha na kisamvu sokoni, nikapika vivyo hivyo, kwa tui lile lile na makaa yale yale. Mama akamega, akatafuna mara mbili.

"Hini ni mchicha," akasema.

Akaisogeza sahani upande wa mlango.

Siku tano zilizofuata alikunywa maji na chai ya rangi tu. Kaka alikuja Ijumaa akamsihi, akamlisha kwa mkono wake tonge kama mtoto, naye akalimeza kwa heshima, baadaye akaenda kulitapika. Kaka alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa na jambo. Ndipo nilipokumbuka mahali ambapo hapajajengwa, na wala hapatajengwa.

Makaburi ya mtaani kwetu yana ukuta mfupi na mkunazi mkubwa karibu na lango. Nilipokuwa na miaka sita niliokota kunazi pale nikaila. Mama alinifungua kinywa kwa vidole vyake, akaitoa, akanisukutua kwa maji ya chumvi, na njiani kote akaniambia kwamba kinachoota makaburini hakiliwi, kwetu sisi hata mbuzi akiingia mle hufukuzwa. Sijui kama ni dini au ni mila. Najua kwamba sikuwahi kusikia mtu wa kwetu aliyekula kitu cha pale. Na wanawake wa kwetu hawaendi kuzika, kwa hiyo hata kaburi la baba nilikuwa nimeelezwa tu lilipo: safu ya tatu, upande wa kibla, kando ya ukuta.

Niliingia alasiri, nimejifunika buibui mpaka machoni. Nilikusudia kumsomea baba dua, na hilo si uongo, nilimsomea. Nilipoinua macho nikaona mchunga. Katika makaburi ya zamani ardhi ilikuwa ngumu na nyasi zake kavu, lakini pale kwa baba udongo ulikuwa umepinduliwa miezi miwili tu iliyopita, mvua ikanyesha, na mchunga ulikuwa umeota kuzunguka kichwani pake mwororo, majani mapana, hata ua moja halijatoka. Nilivunja kikonyo, yakatoka maziwa. Nilichuma. Nilichuma kwa mikono miwili kama mwizi, nikitia chini ya buibui.

Mzee anayeyatunza makaburi alinikuta nimepiga magoti pale. Alikuwa na jembe begani.

"Shikamoo," nikamwahi.

"Marahaba. Mungu akujaze heri, binti yangu. Wamsafishia babako. Watoto wa siku hizi hawana habari."

Nikaitikia amin. Nilikwenda zangu na majani yale yananilowesha tumboni, nikijiambia kwamba nitamwambia mama yote akishapata nguvu.

Alipoyamwaga kwenye ungo uso wake ulibadilika. Aliyagusa, akayanusa, akavunja kikonyo kimoja.

"Umeyapata wapi haya?"

Nilikuwa nimelitayarisha jibu tangu njiani. "Kwa jirani wa kisimani, mama. Nyuma ya nyumba yake." Huyo ni shoga yake wa miaka mingi, mwenye kisima cha zamani na kipande cha shamba kilichozungukwa na ua. Nilimchagua kwa hila. Mara tu baada ya matanga alikuwa ameitwa ghafla Malindi kwa binti yake aliyejifungua, bila kupata nafasi ya kuaga, lango lake limefungwa kwa kufuli, na mama aliyekaa ndani hakuwa na njia ya kujua.

"Masha Allah," mama akasema. "Haya yameota kwenye udongo uliopinduliwa karibuni. Ona yalivyo laini. Amelima huyu."

Nilisema ndiyo, amelima, nikawasha makaa.

Sijapata kumwona mtu akila vile. Alikula vipande vitatu, akalamba vidole, akasema tangu aolewe hajapata kula mchunga mtamu kama huo. Halafu akafanya jambo ambalo kama ningekuwa na akili ningelitarajia. Alikata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani yake nzuri yenye maua ya buluu, akakifunika kitambaa.

"Mpelekee mwenyewe. Siwezi kula mboga za mtu asionje."

Nilitoka na sahani ile. Nilikwenda mpaka lango lililofungwa kufuli, nikajibanza nyuma ya ukuta wa kisima, nje ya ua, nikala kipande chote nimesimama, kwa haraka. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kilikuwa kitamu kweli. Halafu nikakumbuka kwamba sahani haiwezi kurudi tupu. Ukimpelekea mtu chakula, sahani yako atairudisha na kitu ndani, hata kama ni chumvi ya mkono mmoja, na mama angeona vibaya kwa niaba ya shoga yake. Nikaenda dukani nikanunua ndimu nne, nikazipanga juu ya maua ya buluu, nikarudi nyumbani na salamu za uongo.

"Akusalimu sana. Asema ahsante, goti likimpoa atakuja kukutazama."

Mama akazinusa zile ndimu akatabasamu. "Za mti wake ule wa mlangoni," akasema.

Ikawa ndiyo desturi yetu, wiki tatu nzima. Nilikwenda makaburini mara mbili kwa wiki, mzee wa jembe akiniombea heri kila mara, na kila mkate ulipoiva kipande kilikwenda kwa jirani nikakila nyuma ya kisima, na sahani ikarudi na kitu: ndimu, mapera, siku moja mayai mawili. Mama alinenepa kidogo. Alianza kusuka ukili. Alihesabu siku zilizobaki na kusema akitoka eda safari yake ya kwanza itakuwa kwa jirani wa kisimani, akamshukuru kwa mdomo wake. Mimi nilijua jirani atarudi. Nilijiambia siku hiyo ikifika nitajua la kufanya.

Alirudi siku ya Jumatatu, na Jumanne asubuhi alikuja moja kwa moja kumtazama mwenziwe. Nilikuwa nimekosa kazi kwa homa ndogo. Nilimsikia mlangoni akibisha hodi, sauti yake nene iliyojaa huruma, na kabla sijafika ukumbini alikuwa amekwisha ingia na kumkumbatia mama. Walilia pamoja. Kisha mama akamshika mikono.

"Mungu akulipe, dadangu. Mboga zako ndizo zilizonifufua. Wallahi bila ya mchunga wako ningekuwa nimemfuata mwenyewe kaburini."

"Mchunga gani?" jirani akasema. "Mimi nimeshuka jana kwenye gari la Malindi. Miezi miwili na zaidi sikuwako. Kule nyuma kwangu nimekuta nyasi zimenizidi kimo, hata mlango sijaufungua."

Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Mama hakunitazama. Akasema kwa utulivu, "Basi n'mechanganya. Eda hini, siku zimenipotea." Akamuuliza habari za mjukuu, jina lake, kilo zake, anafanana na nani. Alimkaribisha chai, akamsindikiza mpaka mlango wa ndani. Hakutaka kuniaibisha mbele ya mgeni. Hata wakati ule alikuwa ananisitiri.

Mlango ulipofungwa akarudi akakaa mkekani pake. Aliniita kwa jina langu, nikaitika, "Abee, mama."

"Umechuma wapi?"

Nilitaka kudanganya tena. Nilikuwa na uongo wa pili tayari, juu ya mwanamke wa Kongowea auzaye vitu kwenye beseni. Lakini mama alikuwa ameuweka ungo mtupu mapajani na anaupapasa kwa kiganja.

"Makaburini," nikasema.

Nje bodaboda ilipita, ikafuata nyingine.

"Udongo uliopinduliwa karibuni," akasema polepole, akiyarudia maneno yake mwenyewe. "Kaburi jipya kule ni la nani?"

Nikainama kukusanya vikombe vya chai.

"Karibu naye?"

"Mama..."

"N'nakuuliza. Karibu naye?"

"Pembeni pake, mama. Kichwani. Ndipo palipokuwa na mzuri."

Hakupiga kelele, na hakulia. Aliutua ungo chini. Alijitazama mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, na akasema, "Nimemla mume wangu."

Nilimwambia si kweli, ni majani tu, udongo ni udongo na mvua ni mvua. Nilimwambia nilifanya kwa kuwa alikuwa anakufa mbele yangu. Kisha, kwa sababu mimi ndiye mimi, nikamkasirikia. Nikamwambia kama angekula mchicha kama watu wengine tusingefika hapa. Hilo nililisema. Kaka alipopata habari alimleta mwalimu wake wa madrasa, mtu mpole, akazungumza na mama akiwa nyuma ya pazia. Alimwambia hakuna dhambi juu yake kwa asilolijua, wala juu yangu, kwa kuwa nia ilikuwa njema. Mama alimshukuru. Aliyasikia na kuyakubali yote. Tumbo lake halikuyakubali.

Lakini sitaki kusingizia tumbo. Baada ya siku kadhaa niligundua kwamba vyakula vya jirani alivionja. Jirani akija na kibakuli cha uji, mama alikunywa mafunda matatu, manne. Uji wangu mimi aliuangalia kwanza. "Unga umeutoa wapi? Maji ni ya wapi?" Nilimjibu, nikamwonyesha pakiti, nikamwonyesha mtungi. Alitikisa kichwa kwa upole na kuniambia nimwachie hapo, atakunywa baadaye. Nilikuja kuukuta umeganda. Hakuwa amekasirika, angekasirika ningejua la kufanya, kwani hasira naijua. Alikuwa tu hawezi tena kukiamini kilichopita mikononi mwangu. Katika maisha yangu sijapata adhabu kubwa kuliko kusimama na kikombe cha uji mbele ya mama yangu akiniuliza kimetoka wapi.

Jirani hakuweza kukaa kwetu kutwa. Muuguzi wa kike alikuja kumtundikia maji nyumbani, akasema tumpeleke hospitali. Tukampeleka, akakaa siku mbili, akaomba arudishwe amalizie eda yake nyumbani kwake. Alikufa Alhamisi asubuhi, jua limeshachomoza, zikiwa zimebaki siku kumi na nane. Jirani alikuwa amemshika mkono mmoja na mimi wa pili. Walimzika kando ya baba alasiri ile ile. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake, nikikoroga chai ya wageni.

Miezi mitatu ilipita kabla sijaweza kwenda. Niliingia kwa lango lile la mkunazi na leso begani. Mzee wa jembe alinitambua mara moja.

"Umekuja kumsafishia na mamako," akasema. "Safisha, binti yangu. Mvua imeotesha kweli."

Ilikuwa imeotesha. Kwa baba ardhi ilishaanza kushikana, nyasi ngumu zimeingia, lakini kwa mama udongo ulikuwa bado mwepesi na mchunga umejaa pande zote. Nilitandika leso nikapiga magoti. Sikwenda na nia ya kuchuma, nilikwenda kung'oa magugu, lakini mikono ilikwenda yenyewe kwa namna ilivyofundishwa. Nilivunja kikonyo, nikaona maziwa, nikalamba, uchungu ukakaa nyuma ya ulimi. Nilichuma yasiyotoa ua. Niliacha yaliyo karibu na njia. Ulipoisha wote nikakaa chini, nikaanza kuchagua juu ya leso, jani baada ya jani, polepole, nikimngojea aseme hili silo.

Nilirudia mara mbili. Hapakuwa na jani hata moja la kutoa.

Nikabeba leso mpaka kwenye lundo la magugu la mzee karibu na ukuta, nikayamwaga majani yote, nikaikung'uta, nikaenda zangu nyumbani.